Karatasi za nyayo: tulivyojifunza kuchangia sare pamoja na akina mama wa Charambe

Sisi tuliomaliza la 7 pamoja Mbagala mwaka 2003 tuna grupu la WhatsApp, tuko kama 40 hivi, wengine bado wapo huku huku Temeke, wengine Mwanza na Dodoma, mmoja yuko Muscat anafanya kazi hotelini, mwingine nesi kule Minneapolis. Miaka yote grupu lilikuwa la misiba na harusi tu. Mwisho wa 2018 mwenzetu mmoja akaandika, jamani, hivi kwa nini tusichangie watoto wa mtaani kwetu Charambe, Januari waende shule wakiwa kamili? Watu wakaitikia usiku ule ule.

Maana ada ilishafutwa, waraka ulitoka 2015 na kuanzia Januari 2016 shule za serikali hadi kidato cha 4 hakuna ada, na hilo limesaidia sana sana, sitaki mtu aone nalidharau. Ila yeyote aliyepeleka mtoto shule anajua kuna sare, viatu, begi, madaftari, kaunta buku za sekondari, na lile sweta la rangi ya shule ambalo unalizungukia maduka matatu hulioni. Sasa chukua mama anayekaanga mihogo, ana watoto 3, na Januari hiyo hiyo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo. Mtoto anabaki nyumbani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, akija kuingia darasani wenzake wameshaanza kusoma silabi na yeye hajui hata anakaa dawati gani.

Mwaka wa kwanza tulikosea na inaniuma mpaka leo. Hela ilipatikana vizuri tu, tukaenda Kariakoo siku chache kabla shule hazijafunguliwa, bei zimepanda, watu wamefurika Mtaa wa Kongo huwezi hata kugeuka, tukabeba mabegi 50 na viatu jozi 50 kwa kukisia saizi. Tukapanga kugawa Jumamosi nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, taarifa ikatembea, na watu waliokuja walikuwa wengi mno kuliko mabegi. Watoto wanasukumwa, akina mama wanagombana wao kwa wao, majirani kabisa wanaopikiana. Kuna bibi mmoja alikaa chini ya mwembe na wajukuu wake wawili toka asubuhi, hakusukumana na mtu, tulipomfikia mzigo umeisha. Viatu vingi havikuwatosha waliopewa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu sirudii tena.

Aliyenirudisha ni mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale pale Charambe. Alinipigia baada ya siku mbili, nikamwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, mlipokuja mlimuuliza nani?" Nikakosa jibu. Akaniambia njoo Jumapili tukae.

Kikundi chao kilianza kama kikoba cha kawaida, wananunua hisa kila wiki, wana mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, baadae wakajisajili halmashauri, wakanunua vyerehani. Kumbe kutoka kwenye ule mfuko wa jamii walikuwa wanavalisha watoto wawili watatu kila Januari kimyakimya, hakuna aliyejua. Nilikaa kwenye kibaraza chao nikanywa chai nikasikiliza tu, na nilichokielewa siku ile ndo kimeendesha kila kitu mpaka sasa: kazi ya kujua nani anahitaji nini ni yao, wanaishi pale, wanasikia nyumba ipi haijawasha jiko. Sisi kazi yetu ni hela ifike mapema na tuwaamini. Ukivuruga hapo umevuruga vyote.

Nikarudi kwenye grupu nikaeleza. Wengine walikubali, wengine wakasema tuchukue tu orodha ya kaya za TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kazi iishe. Nikawapelekea hilo akina mama, wakanifafanulia vizuri. Ile orodha ina watu wanaostahili kweli, ila orodha ya namna ile haifanywi upya kila mwezi, na mtaani kwetu wengi ni wapangaji, leo yupo Charambe kesho kahamia Chamazi, mama aliyefiwa na mume miezi minne iliyopita akahamia chumba kimoja na watoto hayupo kwenye orodha yoyote. Wao wanamjua kwa sababu anachota maji kwao. Kwa hiyo wanagawana mitaa, wanapita jioni nyumba kwa nyumba baada ya biashara, wanakaa wanaongea, hawabebi fomu. Alafu wanakutana wanajadili jina moja moja, na jina haliingii mpaka watu watatu wasiokuwa ndugu wa ile familia walikubali. Mimi kwenye kikao kile siruhusiwi kupendekeza jina na naona ni sawa kabisa, maana nina shangazi zangu pale.

Sasa viatu. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Tulikuwa tunaulizana saizi, mzazi hajui, mtoto amezoea kandambili, ukimpima leo Novemba Januari ameshakua. Mama mmoja wa kikundi, zamani alikuwa anauza viatu vya mtumba, akasema wekeni karatasi chini. Mtoto anasimama wima na uzito wake wote, unachora unyayo kwa penseli kuzunguka, unaandika jina na darasa, unaongeza upana wa kidole kimoja mbele kwa ajili ya kukua, unakata kwa mkasi. Siku ya kupima kibaraza chote kinajaa watoto wanasimama kwenye karatasi wanacheka maana penseli inawatekenya. Mi naenda Kariakoo na bahasha ya nyayo, naingiza karatasi ndani ya kiatu, ikikunja nachukua kubwa zaidi. Toka tumeanza hivo viatu vya kurudisha vimekuwa jozi mbili tatu tu kwa mwaka. Muuzaji mmoja amenizoea, akiniona na bahasha anaanza kushusha maboksi kabla sijasema.

Sare tuliacha kununua za dukani. Novemba tunanunua jora la tetroni nyeupe na jora la bluu, bei bado haijapanda, tunanunua na vifungo na zipu, akina mama wanashona wenyewe na tunawalipa ufundi kwa kila nguo. Hapa palikuwa na ubishi mkubwa. Wenzetu wengine walisema si wanajitolea, kwa nini tulipe, hiyo hela ingevalisha watoto wengine. Nikawaambia kwa upole lakini nilikuwa na uchungu, mimi nikijitolea Jumamosi mshahara wangu unaingia tarehe 25 kama kawaida, yule mama akikaa kwenye cherehani siku nzima hajauza vitumbua, na wanae wanakula nini jioni? Wengi wa hao mafundi ni wazazi wa watoto wale wale tunaowashonea. Hela inayoingia kwao kwa ufundi inakuwa kodi ya chumba. Tukapiga kura, ikapita. Tukaongeza pia fungu la nauli, vocha na chai ya kikao, maana hivyo vyote walikuwa wanatoa mfukoni na hakuna mchangiaji anayefikiria kitu kama hicho, kila mtu anataka hela yake iwe begi.

Kuhusu utunzaji wa hela, yaani nimejifunza kwa maumivu. Mwaka wa pili tulikuwa tunatuma kwenye laini ya mweka hazina. Wakati wa hesabu ikaonekana pungufu ya shilingi 60,000. Mama wa watu hakuficha, alisimama akasema mtoto alibanwa na kifua usiku, akatoa hela ya kikundi akampeleka hospitali, akategemea atairudisha kabla hatujajua. Kwenye grupu letu moto uliwaka, kuna waliosema tuachane nao. Mimi ni mhasibu kwa kazi, nimeona hesabu zilizopotea kwa watu wenye digrii, nikaomba tusubiri wenyewe waamue. Wakaamua arudishe kidogo kidogo kwa wiki sita, na akarudisha yote. Alafu wakaweka utaratibu wao: laini ya kikundi anakaa nayo mtu mmoja na namba ya siri anaijua mwingine, hawa wawili hawaishi nyumba moja wala si ndugu, kwa hiyo hela haitoki bila wote kukutana. Kiasi kikubwa kinaenda benki kwenye akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu. Mi niliwafundisha tu daftari la kuingia na kutoka, kushoto na kulia, na kila Jumapili wanapiga picha ukurasa wa wiki wananitumia. Kitu kidogo kingine, ukimtumia mtu tuma na ya kutolea, usipofanya hivyo makato yanatoka kwenye kitambaa cha mtoto.

Na wachangiaji wa mbali nao ni wa kuongea nao. Mwenzetu wa Minneapolis alitaka kutuma boksi la nguo na viatu vya watoto alivyokusanya kanisani, kwa moyo mzuri kabisa. Tukakaa kwenye simu tukapiga hesabu, gharama ya kusafirisha, ushuru, kulitoa bandarini, na viatu vyenyewe vya rangi rangi ambavyo shule hazivikubali. Akaona mwenyewe. Akauza vile vitu kule kule akatuma hela, ikanunua cherehani moja ambayo bado inafanya kazi.

Kulikuwa na kampuni moja ilitaka kuingia kwa kiasi kikubwa kuliko mchango wetu wote, ila watoto wasimame mbele ya bango lao wakabidhiwe, picha zipigwe. Akina mama wakakataa. Nilitetemeka kidogo, hela ilikuwa nyingi jamani. Lakini mwenyekiti alisema mtoto huyu kesho yuko darasani na wenzake wanaiona ile picha kwenye simu za wazazi wao, ataitwa mtoto wa msaada mpaka amalize la 7. Nami nikawakumbusha wenzangu kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtoto hawezi kujiamulia sura yake itumike vipi. Kampuni ikaondoka. Sisi ripoti yetu kwa wachangiaji ni picha ya sare zimekunjwa mezani, risiti, na ukurasa wa daftari majina yamefunikwa. Sare zenyewe hazigawiwi hadharani, mzazi anapitia jioni kwa wakati wake, anabeba mfuko mweusi kama mtu katoka sokoni.

Mwezi wa tatu ndo nawasihi sana mnaotaka kujitolea mje. Desemba kila mtu anataka kuja, Machi hakuna mtu. Sisi tunaenda na mama mmoja wa kikundi, tunapita shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, tunauliza tu watoto wetu wanahudhuria? Mwaka mmoja tulikuta kijana wa la 4 mahudhurio mazuri lakini hajui kusoma, mwalimu kumsogeza dawati la mbele akaanza kuandika, kumbe haoni ubao. Akapelekwa kupimwa macho, miwani ikalipwa na mfuko. Na tukaona wasichana kadhaa wa sekondari wanakosa siku tatu nne kila mwezi, kila mwezi, siku zinafuatana. Hakuna aliyetuambia, ilikuwa kwenye rejista. Mafundi wakaanza kushona pedi za kufua kutokana na pamba na vipande vya flaneli, na mama mmoja aliyewahi kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii akakaa na mabinti kuwaonyesha namna ya kuzifua na kuzianika juani. Sare nzuri haikuwa inamsaidia binti yule aliyekuwa anabaki nyumbani, na tungeishia kupiga picha Januari tusingejua kabisa.

Yule bibi wa chini ya mwembe, akina mama walimjua. Nilipomtaja tu kwenye kibaraza, mwenyekiti akasema tayari wajukuu wake walivalishwa na mfuko wa jamii wiki ile ile tuliyogawa mabegi. Nilienda kumwomba radhi, akanikaribisha ndani, akanipa muhogo na chai ya rangi, hakutaka hata nimalize sentensi. Mjukuu mkubwa sasa yuko sekondari. Kila Novemba anakuja kusaidia kupima, yeye ndo mshika penseli, anawaambia wadogo simama na miguu yote miwili, usijibane vidole.

Mwaka huu tumepima Jumamosi mbili. Wenye familia zilizohama wametafutwa kwa simu, wawili wapo Kongowe, mmoja hatujampata na mama wa mtaa wake wa zamani bado anaulizia. Keshokutwa naomba ruhusa kazini nusu siku, naenda Kariakoo na bahasha yangu.