Misa ya mama mkubwa: tulivyoipanga, na kwa nini tulianzia kwa paroko

Misiba yetu siku hizi inapangwa vizuri sana kila upande isipokuwa Misa. Utakuta kamati imeshakaa, kuna mtu wa turubai na viti, mtu wa chakula, mtu wa jeneza, mtu wa usafiri, grupu la WhatsApp limejaa na michango inaingia kwa M-Pesa, tisheti zenye picha ya marehemu zimeshapelekwa kuchapishwa, alafu usiku wa kuamkia mazishi ndo mtu anauliza, jamani, somo anasoma nani? Wakati hawa mama zetu wa jumuiya ukiwauliza wangali hai watakwambia kabisa (jumuiya ni kile kikundi kidogo cha waamini wa mtaa mmoja wanaosali pamoja), mimi niombeeni, mengine mtajua wenyewe.

Mama mkubwa alipofariki, na huyu ndo alinilea baada ya mama yangu mzazi kuondoka, nikaomba nishike upande wa kanisa. Alikuwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wa miaka mingi, Dar anaishi, kwao kwa mume ni Rombo kule Kilimanjaro, na mazishi lazima yawe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, pale alipolala baba mkubwa. Kwa hiyo ni parokia mbili, mikoa miwili, na ilikuwa katikati ya Kwaresima. Naandika hivi kwa sababu kuna watu wengi wataingia kwenye kazi hii ghafla na hawatakuwa na akili ya kuuliza wakati huo.

Kwanza kabisa, tuanze kabla ya kifo maana hapa ndo watu wengi tunachelewa. Ukiwa na mgonjwa muite padri mapema. Mpako wa wagonjwa sio tangazo kwamba mtu anakufa, ni sakramenti ya mgonjwa, anaweza kupona na akipata tena ugonjwa mkubwa anapakwa tena. Mtu akishakata roho padri atamwombea lakini hawezi kumpaka, sakramenti ni za walio hai. Mama mkubwa alipata kitubio, yaani aliungama, mpako na Komunyo ile ya masurufu, anayopewa mtu anayekaribia kufa, akiwa na fahamu zake, anajibu sala mwenyewe, na nakwambia hicho kitu kilitubeba sisi wote kuliko rambirambi yoyote tuliyopokea.

Simu ya kwanza baada ya ndugu wa karibu ilikuwa kwa mwenyekiti wa jumuiya. Yeye ndo anajua mtu huyu alikuwa anasali wapi, na jumuiya ndo inakuja kuongoza rozari jioni pale msibani hata kama nyie wenyewe mmechanganyikiwa hamjui pa kushika. Yeye pia ndo anaanzisha ile barua ya utambulisho, inapita parokiani inagongwa muhuri na inasafiri na nyinyi mpaka parokia ya nyumbani. Usiidharau hiyo karatasi. Paroko, yule padri msimamizi wa parokia, wa kule Rombo hamjui marehemu wa Dar, anahitaji kujua ni muumini, amebatizwa, alikuwa anashiriki. Na kama kuna jambo, mfano mzee hakufunga ndoa kanisani au alikuwa ameacha kusali miaka mingi, kamwambieni paroko ukweli mapema mkiwa wachache mmekaa naye ofisini. Nimeshaona familia inaficha, alafu inakuja kugundulika turubai zimeshafungwa, inakuwa aibu na vilio juu ya kilio. Mkienda mapema mapadri wengi wanasikiliza, wanaangalia nini kinawezekana. Tena watu wanasemaga mtu aliyejiua hazikwi na Kanisa, sheria ya sasa ya Kanisa ile ya 1983 haimtaji kabisa kati ya wanaonyimwa, nendeni mkaongee na padri wenu msijihukumu wenyewe nyumbani.

Sasa siku. Ndugu wa Dar walitaka Jumapili ili watu wapate kusafiri Jumamosi, na kweli ukiangalia kikazi ina mantiki. Baba mdogo akaenda kwa paroko, Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, akaeleza, akaambiwa Jumapili ya Kwaresima hakuna Misa ya mazishi. Na sio Kwaresima tu, Jumapili za Majilio, zile za kabla ya Krismasi, na za kipindi cha Pasaka pia hapana, sherehe za amri, zile ambazo Mkatoliki lazima aende Misa, hapana, na kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Jumapili ya Pasaka hapana, siku hizo mnaweza kuzika kwa ibada bila Misa, na Misa ya kumwombea ikafanyika siku nyingine. Kama tungekuwa tumeshatangaza Jumapili tungepata tabu sana. Tukaweka Jumamosi, Dar tukaaga Alhamisi jioni kwa Ibada ya Neno pale nyumbani, usiku tukaingia barabarani, Ijumaa tunalala msibani kwa rozari na litania. Ndo maana nasema siku ya mazishi aulizwe paroko kabla hata ya mtu wa mabasi.

Kulikuwa na mjadala, Misa iwe kanisani au nyumbani uani kama inavyofanyika sana. Nilisimamia kanisani na nitasimamia hivyo hata kesho. Padri analipokea jeneza pale mlangoni kwa maji ya baraka, yale maji yanarudi kwenye ubatizo wake, mshumaa wa Pasaka unawaka karibu yake, na mlei anawekwa miguu ikielekea altare kama alivyokuwa anakaa Misani siku zote, wakati padri akifa kwa desturi anageuziwa waamini. Uani vitu hivi vinapotea kati ya spika na masufuria. Najua kuna vigango, yale makanisa madogo ya parokia, viko mbali, kuna mvua, kuna wazee hawawezi kutembea, basi hapo uani ni sawa, ila isiwe kwa sababu tu chakula kiko karibu.

Masomo tulichagua sisi tukampelekea padri akakubali. La kwanza Hekima 3, roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu, zaburi ya 23 kwa sababu ndo alikuwa anatusomesha tukiwa wadogo, na Injili ya Yohane 14, msifadhaike mioyoni mwenu. Wengine wanapenda Yohane 11 ya Lazaro, ni nzuri pia hasa kwa kifo cha ghafla. Msomaji msimchague kwa ukaribu wa damu jamani. Dada yangu, binti yake wa kwanza, alitaka asome yeye, tukaongea naye taratibu, akakubali mjukuu aliyezoea kusoma kanisani asome, yeye akapeleka vipaji, mkate na divai, pamoja na mama wawili wa WAWATA wakiwa na sare zao. Maombi ya waamini tuliandika wenyewe, mafupi, na moja tuliwaombea manesi waliomuuguza.

Kwaya nayo kaeni nayo mapema. Kwaresima haiimbwi Aleluya, na nyimbo nyingi za mazishi ambazo watu wanazipenda zina Aleluya ndani, kwa hiyo mwalimu wa kwaya alibadilisha karibu nusu ya orodha yetu. Ndugu zetu Walutheri, na Kilimanjaro hakuna ukoo usiokuwa nao, walikuja na kwaya yao, tukawapa nafasi nyumbani asubuhi kabla mwili haujatoka, wakaimba vizuri mno. Waislamu wa mtaani kwake Dar waliosafiri na sisi tuliwaambia mapema wakati gani watu wanasimama na wakati gani wanakwenda kukomunika ili wao wakae tu bila wasiwasi.

Lakini kitu kinachoua Misa ya mazishi kuliko vyote ni salamu. Wasifu, salamu za ukoo, za ofisi, za chama, za majirani, kila mmoja na maiki yake, padri amekaa anasubiri. Mwongozo wa Misale ya Roma unasema mahubiri yawe mafupi na yasigeuke kuwa ya kumsifu marehemu, na kwa kawaida mtu wa familia anaweza kusema maneno machache baada ya sala ya Komunyo, kabla padri hajaanza buriani, ile sala ya mwisho ya kumuaga marehemu kwa maji ya baraka na ubani. Tukakubaliana kwenye kikao: kanisani anaongea kaka peke yake, ukurasa mmoja. Salamu nyingine zote nyumbani baada ya maziko, na MC akapewa hiyo ratiba mkononi. Kuna mjomba alikasirika kidogo, tukamwelewa, ila hatukubadilisha. Na mpiga video mwambieni asipande altareni, hata kama kuna ndugu wako Marekani wanaangalia laivu.

Hela pia watu wananiuliza. Misa hainunuliwi, mnatoa sadaka kwa uwezo wenu, na kanuni ya 1181 ya sheria ya Kanisa imeandika kabisa kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Msiba usio na mchango wa maana bado una haki ya Misa ile ile.

Baada ya maziko tuliandikisha nia za Misa parokia zote mbili, ya arobaini tukaomba iwe Dar ili jumuiya yake ihudhurie, maana wengi hawakuweza kusafiri. Novemba, kuanzia tarehe 1 mpaka 8, ukitembelea makaburi ukawaombea marehemu, ukaungama, ukakomunika na ukasali kwa nia za Baba Mtakatifu unaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote iliyobaki ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa hiyo tumepanga watoto waliobaki Rombo waende kihambani wiki hiyo, na sisi wa Dar tutakwenda makaburi ya Kinondoni alikolazwa mama yangu.