Betri tatu na aibu ya Msamvu

Jumamosi, saa nne asubuhi, nimeegesha kirikuu yangu, kipikapu cha matangazo, karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro. Mtangazaji wangu ameshika maiki, anaita watu kwenye uzinduzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Akafika pale pa "bei ya bati leo ni..." Kimya. Taa nyekundu ya ampu, yaani kikuza sauti, ikawaka. Sauti ikarudi baada ya sekunde tatu, akaanza upya, "bei ya bati leo ni..." Kimya tena. Mara ya tatu vijana wa bodaboda wakamalizia wenyewe kwa pamoja: "Leo ni siri!"

Nikazima mziki ili tuondoke. Gari nayo ikagoma kuwaka, hata starta haikulia. Waliotusukuma ni hao hao vijana wa siri. Mwenye duka alinilipa nusu, na sikuwa na mdomo wa kudai nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na betri tatu. Ya gari yenyewe, na mbili za sola za Ah 100 (ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba betri) nilizonunua wiki mbili kabla, zote tatu zimeunganishwa pamoja chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hapa unapiga mziki mpaka asubuhi." Nami nikaamini, maana 100 na 100 ni 200, hesabu ya darasa la kwanza.

Jumapili nilikaa na mita na daftari, nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutoa hela.

Nina ampu mbili. Ya sabufa ni ya wati 1500, aina ya D, ambayo karibu moja ya tano ya umeme inaoula unaishia kuwa joto. Kwa hiyo kutoa wati 1500 inahitaji kama 1900, na ukigawanya kwa volti 13 unapata ampea 145 hivi. Ya spika za honi ni ya zamani, aina ya AB, wati 600, na hii ni mlafi: karibu nusu inakuwa joto tu. Weka ampea 84. Besi ikigonga wakati honi zinalia, mfumo mzima unataka ampea 230 kwa mpigo.

Mziki haugongi muda wote, ndiyo. Ukichukua theluthi kama wastani, ni ampea 75 hivi. Sasa angalia anayelipa hilo deni. Alteneta ya kirikuu yangu imeandikwa 50A, na hiyo ni injini ikizunguka kwa kasi. Gari la matangazo linatambaa gia namba moja siku nzima, kwa hiyo napata labda nusu yake, na humo humo plagi, pampu ya mafuta na feni vinachukua chao. Kinachobaki kwa mziki ni kama ampea 15. Kila saa moja nilikuwa nakopa 60 kutoka kwenye betri, na hakuna saa hata moja niliyorudisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata ningefunga betri kumi, ningekuwa nimesogeza tu muda wa kuaibika.

Sasa hizo za sola. Si betri mbaya, nina jirani anawashia taa na TV mwaka wa tatu huu. Lakini ile Ah 100 iliyoandikwa ubavuni hupimwa kwa kuitoa polepole, masaa 10 au 20, yaani ampea 10 au 5 tu. Ukiidai ampea 100 kwa ghafla, haikupi zile Ah zote, na volti zinaporomoka. Nilipima kwenye temino za ampu: mziki ukiwa umezimwa 12.5, besi ikigonga 10.6. Ampu ikiona hivyo inajifunga ili isiungue. Ile taa nyekundu haikuwa na kosa lolote.

Na ile betri ya gari, kumbe ilikuwa na seli moja imechoka. Ukiunga betri mgonjwa na wazima, usiku kucha inawanyonya. Asubuhi ya Jumamosi nilitoka nyumbani nikidhani nimejaza, kumbe zote zilikuwa chini ya 12.4, wakati betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7.

Waya nao. Fundi alinifungia waya mnene wa kupendeza, mwekundu unaong'aa. Nikaukwangua kwa kisu, ndani mweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwenye waya herufi CCA maana yake ni hiyo. Kwenye betri, CCA ni nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi kali. Herufi zile zile, moja unaitafuta na nyingine unaikimbia. Nikanunua waya wa shaba tupu, na fyuzi nikaiweka shubiri mbili tu kutoka kwenye betri, maana waya usio na fyuzi kwenye gari ni kiberiti.

Kabla hujaniuliza: kapasita, kile kifaa cha kutunza umeme kidogo na kuutoa ghafla besi ikigonga, niliwahi kuwa nayo, ile ya faradi 1 yenye taa ya bluu. Inapendeza usiku. Kutoka volti 14 kushuka hadi 12 inatoa joule 26, ambazo ampu ya wati 1500 inazimaliza kabla hujapepesa jicho.

Nilipotaka kubaki na betri za risasi, hesabu ilinikatalia kwa uzito. Kazi ya masaa manne ni Ah 240, na betri ya risasi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nahitaji karibu 480. Hizo ni betri tano za N100, yaani za Ah 100, kila moja kilo 27 hivi. Kirikuu inabeba kilo 350. Toa maboksi ya spika, toa mtangazaji, ambaye naye si mwembamba.

Nikauza zile za sola na jenereta yangu, nikaongeza akiba, nikanunua lithiamu tatu za Ah 100, ile aina ya fosfeti. Kila moja kilo 12 tu, unaweza kuitumia karibu yote, na besi ikigonga haishuki chini ya 12.8. Sikuziunganisha na alteneta kabisa. Lithiamu tupu hunywa umeme bila breki, na alteneta ndogo kama yangu ingechemka mpaka iungue. Ya gari ni NS40 mpya, betri ndogo, kazi yake kuwasha injini, basi. Za mziki zinakaa nyuma kwenye boksi la mbao, mbali na injini, ambayo kwenye kirikuu iko chini ya makalio yetu na inachoma kweli.

Ukiwa na Noah na ampu moja ya wati 500 ya kutembelea wikiendi, usiniige. N70 nzima, ya Ah 70 hivi, na waya mzuri inakutosha, na ukitaka zaidi tafuta AGM, betri ya risasi iliyozibwa. Ila ibebe dukani kabla ya kulipa. Betri nyepesi kuliko mwenzake wa saizi ile ile imepunjwa risasi. Na betri ya maji usiiweke ndani ya gari unamokaa, inatoa gesi inayolipuka.

Sasa hivi kila jioni betri zinachajiwa sebuleni. Mke wangu ananung'unikia LUKU, nami namwonyesha kwamba ni kama uniti nne, hazifiki hata bei ya lita moja ya petroli ya jenereta. Haridhiki, anasema sebule imekuwa gereji.

Mwezi uliopita mwenye duka alinipigia tena. Msamvu pale pale, vijana wale wale. Mtangazaji akafika pa "bei ya bati leo ni..." akanyamaza makusudi, akawanyooshea maiki.

"Siriii!"

Akaitaja bei kwa besi iliyotikisa vioo vya daladala.