Nilivyoandaa mpango wa dharura wa treni za kemikali

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa dharura wa matangi ya kemikali yanayopita kwenye njia yetu, nilipokea faili nene lililoeleza nani ampigie nani simu. Halikujibu swali ambalo zimamoto wangeuliza kwanza: ndani ya lile behewa lililolala ubavu kuna nini?

Nikaanzia hapo. Kila treni ya mizigo ina orodha ya mabehewa kwa mpangilio wake, kuanzia kwenye kichwa hadi mkiani, na dereva hutembea nayo. Lakini dereva anaweza kuumia, na karatasi ikaungua. Kwa hiyo tulikubaliana na chumba cha kuongoza treni kwamba wao ndio wataituma orodha kwa zimamoto mara tu taarifa ya ajali inapoingia. Nilisisitiza pia kwamba behewa likikatwa au kuungwa njiani, orodha irekebishwe kabla treni haijaondoka. Orodha ya jana inaweza kumpeleka mtu kwenye tangi lisilo lenyewe.

Wafanyakazi wa njia niliwafundisha kusoma kwa darubini kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili kilichobandikwa kwenye tangi, wakiwa wamesimama upande upepo unakotoka. Namba ya chini inataja kemikali yenyewe: 1017 ni klorini, 1005 amonia, 1203 petroli. Ya juu inaeleza aina ya hatari, na ikitanguliwa na herufi X, maji yasiguse kabisa.

Klorini ndiyo iliyonifanya nitembee njia nzima pamoja na zimamoto. Ni gesi yenye sumu, nzito kuliko hewa kwa takriban mara mbili na nusu, hivyo hutambaa chini na kujaa mabondeni. Mwezi Januari 2005, huko Graniteville, Marekani, treni iliingia usiku kwenye njia ya pembeni kwa sababu swichi, yaani kifaa cha reli kinachoielekeza treni njia ya kufuata, ilikuwa imeachwa vibaya, ikagonga treni iliyoegeshwa. Tangi la klorini likapasuka na watu tisa wakafa. Tulichora kwenye ramani kila bonde, kila mtaro, na kila mahali ambapo gari la zimamoto linaweza kuifikia reli kutoka pande zote mbili, maana hakuna anayeuchagulia upepo uelekeo.

Jambo lililoleta mabishano marefu zaidi lilikuwa ni nani wa reli asimame karibu na mkuu wa zimamoto. Wengine walisema yeyote aliye karibu anatosha. Nilikataa, nikawaeleza ya Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013. Kichwa cha treni ya mafuta ghafi iliyoegeshwa mlimani kilishika moto. Zimamoto walizima moto na injini, kama walivyotakiwa. Mfanyakazi wa reli aliyefika hakuwa mtu wa kuendesha treni. Injini ndiyo husukuma hewa inayokaza breki; ilipozimwa, hewa hiyo ikapungua polepole, na breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Treni ikateremka yenyewe hadi mjini, na watu 47 wakapoteza maisha. Moto wa kwanza ulikuwa umeshazimwa!

Baada ya hapo mabishano yaliisha. Fomu ya afisa wa zamu sasa inamtaka aandike jina la mtu anayezijua breki, na kama breki za mkono zimefungwa na kujaribiwa, kabla hajaruhusu injini yoyote izimwe.