Shamba la Nabothi na Kiti cha Spika

Somo: 1 Wafalme 21:1–20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari ya Nabothi tumeizoea kama habari ya tamaa na mke mwovu. Wiki hii naomba tutazame jambo linalopitwa haraka. Nabothi alipokataa kutoa shamba lake la mizabibu, Ahabu alirudi nyumbani amenuna, akajilaza kitandani, akageuza uso wake, akagoma kula. Mbona hakutuma askari? Alikuwa mfalme, na jeshi lilikuwa lake. Hakutuma kwa sababu hata yeye, pamoja na uovu wake wote, alijua kwamba katika Israeli iko sheria iliyo juu ya mfalme. Ardhi ilikuwa ya Bwana, isiuzwe moja kwa moja (Walawi 25:23). Naye mfalme aliagizwa ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukajiinua juu ya ndugu zake (Kumbukumbu la Torati 17:18–20). Yezebeli, aliyekulia kwa Wasidoni, alimshangaa mumewe. Kwao mfalme akitaka, basi.

Nimeisoma sura hii sambamba na historia ya Uingereza ya karne ya 17, na zimefanana kuliko nilivyotarajia.

Mfalme Charles wa Kwanza alirithi kiti mwaka 1625, akiamini kwamba hesabu ya utawala wake ataitoa kwa Mungu peke yake. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, ndiyo maana iliwapoteza wengi. Mungu anayemdai mfalme hesabu ndiye huyohuyo aliyemwekea torati na kumtumia nabii. Mwaka 1629 Charles alilivunja Bunge, akatawala miaka 11 bila kuliita tena. Fedha zilipopungua aligeukia kodi ya meli, ambayo kwa desturi ilitozwa miji ya pwani wakati wa hatari ya vita. Yeye akaitoza nchi nzima, hata bara, tena wakati wa amani, bila idhini ya Bunge. John Hampden, mwenye mashamba mengi, akakataa kulipa. Kesi yake ilihusu shilingi 20 tu, fedha ambayo mtu kama yeye asingeiona ikitoka mfukoni. Nabothi naye aliahidiwa shamba zuri zaidi au fedha taslimu. Wote wawili waliona kwamba wakikubali, watoto wao hawatakuwa na neno la kusema mbele ya mfalme. Majaji 7 kati ya 12 walimpa mfalme ushindi, lakini nchi ilikuwa imekwisha kusikia.

Tarehe 4 Januari 1642 Charles aliingia mwenyewe katika ukumbi wa Bunge, akiwaacha mamia ya watu wenye silaha nje ya mlango ulio wazi, ili wabunge wawaone. Alikuja kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwa mmojawapo. Akakikalia kiti cha Spika, akauliza wako wapi. Walikuwa wamekwisha kuondoka kwa mashua. Spika William Lenthall akapiga magoti mbele ya mfalme, akamjibu kwamba mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kama Bunge litakavyomwelekeza, maana yeye ni mtumishi wake. Tazameni ndugu zangu: amepiga magoti, heshima ameitoa yote, na bado amekataa. Natamani kila mzee wa kanisa angejifunza kwa Lenthall namna ya kumwambia mkubwa wake hapana.

Mwaka huohuo vita vikaanza kati ya mfalme na Bunge, na mfalme akashindwa. Hapa ndipo washindi nao walipojaribiwa. Desemba 1648 Kanali Pride, wa jeshi la Bunge, alisimama na askari mlangoni mwa Bunge, akawazuia wabunge ambao jeshi halikuwataka. Waliobaki ndio waliounda mahakama ya kumhukumu mfalme. Charles aliwauliza wamekaa pale kwa mamlaka gani, na pamoja na makosa yake yote, swali hilo halikujibiwa vizuri. Someni tena barua za Yezebeli, alizoziandika kwa jina la Ahabu ili Nabothi auawe: zina muhuri, mfungo umetangazwa, wazee wameketi, mashahidi ni wawili kama torati inavyotaka. Taratibu zote zimefuatwa, na mtu akapigwa mawe. Charles hakuwa mtu asiye na hatia kama Nabothi, damu nyingi ilimwagika kwa ukaidi wake. Lakini aliyefukuza wabunge ili apate hukumu aitakayo ameshika muhuri uleule. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 1649, mfalme akavaa mashati mawili asije akatetemeka kwa baridi na watu wakadhani ni woga, akatoka kupitia jumba la Banqueting House, na nje yake akakatwa kichwa.

Miaka minne baadaye, Aprili 1653, Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi hilo, aliyekuwa mbunge na mtu wa maombi, aliingia Bungeni na askari, akawafukuza wote waliosalia na kuamuru ile siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, iondolewe. Siwa ya namna hiyo ndiyo inayotangulia mbele ya Spika hata Dodoma na Nairobi, urithi wa utaratibu uleule wa Uingereza. Charles angalau aliwaacha askari wake mlangoni.

Ufalme ukarudi mwaka 1660. Mwaka 1688 mfalme mwingine, James wa Pili, alikimbia nchi baada ya kujipa uwezo wa kusimamisha sheria. Tarehe 13 Februari 1689 William na mkewe Mary, binti wa James, walipewa taji ndani ya Banqueting House ileile, baada ya kusomewa tamko la haki: mfalme asisimamishe sheria wala asitoze kodi bila Bunge, uchaguzi uwe huru, na maneno ya mbunge Bungeni yasimpeleke mahakamani. Walipotawazwa Aprili waliapa kutawala kwa sheria zilizokubaliwa Bungeni, wakakabidhiwa Biblia.

Nafurahi ninaposoma hayo, lakini siwezi kuishia hapo. Mwaka 1698 Bunge hilohilo lililojikomboa liliifungua biashara ya watumwa kwa wafanyabiashara wote wa Uingereza, na Waafrika wengi zaidi wakabebwa kuvuka bahari. Bunge nalo likakaa pale alipokuwa Ahabu. Kumbukumbu la Torati linasema juu ya *ndugu zake*, na wabunge wale hawakutuhesabu sisi kuwa ndugu.

Samweli alipozeeka alisimama mbele ya watu, akawauliza amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, rushwa kwa mkono wa nani (1 Samweli 12:3). Aliuliza hadharani, mbele ya mfalme mpya, na wangeweza kumjibu. Wewe unayetunza daftari la sadaka, fedha za kikoba au mirathi ya wadogo zako, uliza hivyo wiki hii, na uwape nafasi ya kujibu.

Bwana, uliyemtuma Eliya shambani kabla Ahabu hajalimiliki kwa raha, wakumbuke wenye mashamba ambao barua zao zinapigwa muhuri leo. Watumie mtu. Na ukimtaka mmoja wetu, mpe magoti ya Lenthall na ulimi wa Eliya. Amina.