Mtoto wa jicho, wiki 40 na ushauri wa wifi

Nianze na wifi yangu, maana bila yeye ningekuwa nimepona mapema zaidi.

Mimi ni mbeba boksi wa siku nyingi hapa Midlands, Uingereza. Boksi langu ni kuhudumia wazee majumbani, zamu za usiku. Taa za magari zilipoanza kuota ndevu nikadhani ni uchafu wa miwani, nikaifuta karibu mwaka mzima. Aliyenishtua ni bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 91 na ulimi wake haujazeeka. Aliniona dirishani na karatasi ya dawa zake imegusa pua yangu, akasema nikapime macho kabla hajalazimika kunihudumia yeye.

Mtoto wa jicho, pande zote mbili, la kulia ndilo baya. Mpima macho akatuma rufaa hospitali kubwa ya karibu. Hakuniuliza nataka kwenda wapi, nami sikujua kwamba hilo ni swali linaloulizwa. Baada ya muda nikapiga simu kuulizia. Nilikuwa wa 23 kwenye foleni ya simu; nilibandika wali, ukaiva, nikaupalia, ndipo dada akapokea. Miadi ya kwanza tu, achilia mbali upasuaji, ilikuwa kama wiki 40. Nikacheka peke yangu jikoni. Mtoto, na wiki 40! Kumbe nilikuwa mjamzito wa jicho.

Hapo ndipo wifi akaingia. "Wewe wifi nawe, miaka yote hiyo Ulaya bado mshamba! Nenda emajensi, sema umeamka huoni kabisa. Shoga yangu walimpasua fasta."

Nikaenda, Mungu anisamehe. Jumamosi usiku, miwani ya jua, kanga kichwani, mzee wangu amenishika mkono huku akinung'unika kwamba yeye hayumo. Nesi akauliza vidole vingapi. Nikasema vidole gani? Nilijiona mwigizaji hodari. Tukakaa, tukakaa, ilipofika saa tisa usiku njaa ikanishinda. Mzee wangu alikuwa anakoroma. Nikainuka taratibu hadi kwenye mashine ya vitafunio, nikachagua sarafu, nikabonyeza namba sahihi ya krispi za chumvi na siki, sarafu moja ikadondoka ikabingirika chini ya kiti, nikaifuata, nikaiokota. Kugeuka, nesi yuleyule kasimama kakunja mikono. "Naona jicho limeanza kupona," akasema.

Daktari alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Alimulika, akasema ni mtoto wa jicho, si dharura, rudi kwenye foleni yako. Maegesho yalikula paundi kumi na kitu. Baadaye ndiyo tukaja kujua kwamba yule shoga wa wifi hakuwa na mtoto wa jicho hata kidogo. Retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imebanduka, na hiyo kweli ni ya kukimbilia: ukiona vimulimuli vya ghafla au kama pazia linashuka jichoni, usingoje asubuhi. Langu lilikuwa ukungu wa taratibu, nikaenda kukalia viti vya wagonjwa wa kweli.

(Yupo pia aliyeniambia niweke asali jichoni. Huyo simjibu hapa.)

Ukweli niliupata kazini, kwa mwenzangu Mnigeria, tukikabidhiana zamu. Aliuliza tu: "Kwani hiyo hospitali uliichagua wewe?" Kumbe hapa England ukipewa rufaa isiyo ya dharura una haki ya kuchagua uende wapi, na kwenye orodha zimo hata kliniki binafsi zenye mkataba na NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Hulipi hata senti. Tena ahadi yao wenyewe ni wiki 18 kutoka rufaa hadi matibabu. Zikipita, unaruhusiwa kuomba kuhamishiwa kwingine. Wales na Scotland wana taratibu zao. Na mama aliyekuja na viza ya kutembelea hahusiki, atatozwa, msije mkanilaumu.

Sasa hapa nijisifu kidogo. Nilichukua kalenda ya mwaka jana, nyuma yake nikapiga mistari, nikazipigia simu kliniki nne mwenyewe, kila jibu nikaliandika humo. Ya kwanza ikajigamba: wiki mbili! Nilikaribia kupiga vigelegele. Kisha nikauliza, wiki mbili hadi nini? Hadi kuonwa. Na hadi kisu? Kimya, halafu wiki 19. Basi hizo nyingine sikuuliza tena miadi ni lini, niliuliza kisu ni lini. Iliyoshinda ilisema wiki sita, iko miji miwili mbele, na wanatuma gari. Nikarudi kwa mpima macho na jina mkononi, akatuma rufaa mpya, ile ya zamani nikaifuta. Rafiki yangu asiyeweza kulala chali kwa sababu ya kifua walimrudisha hospitali kubwa, kwa hiyo magonjwa yako yataje kwenye simu, usisubiri kufika.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Ganzi, shuka usoni, rangi rangi kama kaleidoskopu, dakika 20 hivi, chai na biskuti. Hadithi ilikuwa nje, kabla sijaingia, kwa mzee mmoja Mwingereza tuliyekaa naye. Alinieleza kwamba lenzi ya kwanza ya kupandikiza, ile wanayokuwekea badala ya yako yenye ukungu, iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, aliyegundua kuwa vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za vita vikibaki machoni mwa marubani, jicho havilisumbui. Historia nzuri, lakini mtu anayeitwa ndani kupasuliwa hahitaji kusikia neno vipande.

Ukutani mwisho wa korido nilitundika kanga yangu ya Japo Sipati Tamaa Sikati. Kwa miezi niliiona michirizi mitupu. Siku ya pili nikasimama mlango wa jikoni, nikaisoma herufi kwa herufi. Kisha nikafumba jicho jipya, nikafumbua la zamani: ardhi ya kanga ikawa ya chai ya maziwa. Nikabadilisha: nyeupe pe. Nilifanya hivyo hadi mzee wangu akauliza kama nimepata ugonjwa mwingine. La kushoto liko kwenye foleni, kliniki ileile.

Juzi wifi kapiga. Eti jicho lake nalo lina ukungu ukungu, afanyeje? Nikamwambia aende emajensi, aseme ameamka haoni, na abebe krispi zake kutoka nyumbani. Alipomaliza kunitukana nikamsomea namba za kalenda.