Zaburi ya 88 wodini

Madaktari walikuta maji yamejaa kati ya pafu langu la kulia na utando wake. Ilikuwa TB. Wakanitoboa ubavuni, wakapitisha mpira, na mwisho wa mpira ukazamishwa kwenye chupa iliyokaa sakafuni. Sista alinionya kwamba chupa isiinuliwe kupita usawa wa kifua, maji yasije yakarudi ndani. Kwa hiyo hata chooni nilipelekwa, mmoja akinishika mkono, mwingine akibeba chupa.

Mimi ni mzee wa kanisa, na usharikani nilijulikana kwa sauti. Mnada wa mavuno baada ya ibada, mikungu ya ndizi na kuku, mara nyingi niliuendesha mimi. Sasa kuomba maji ya kunywa tu kulinimaliza pumzi.

Wenzangu wa jumuiya walikuja saa za kuona wagonjwa. Waliomba kwa bidii, wakasema nimekwisha kupona kwa jina la Yesu. Niliwapenda kwa kuja kwao, nawapenda hadi leo. Lakini kila mmoja aliaga akisubiri nimwambie naendelea vizuri, nami nikamwambia. Usiku maumivu yakabaki yangu peke yangu.

Usiku mmoja nilifungua Zaburi. Nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani: ile ya 22 inaanza kwa kuachwa, ikafika katikati ya kusanyiko inasifu. Ya 88, ya wana wa Kora, haigeuki. Inalia tangu juu hadi chini na kuishia gizani, bila shukrani. Ila anayelia anamlilia Mungu, na mstari wa kwanza anamwita "Mungu wa wokovu wangu". Nilifarijika kuliko nilivyofarijiwa na maombi yote ya wiki ile. Kilio changu kilikuwa kimeandikwa tayari, tena ndani ya Neno la Mungu.

Kitanda cha pili alilala binti ambaye hakuna aliyekuja kumwona. Siku zote aliutazama ukuta.

"Mama, unasoma nini? Nisomee na mimi."

Nikamsomea nusu mstari, nikapumzika, nikaendelea. Kabla sijamaliza alikuwa analia. Hapo ndipo ningemwombea, tena sala ndefu, kwa maana ndiyo kazi niliyozoea. Pumzi haikuwepo. Nikanyamaza.

Ndipo akasema. Ana virusi vya UKIMWI, alijua kabla ya kuolewa. Alipohamia kwa mume aliacha dawa ili kopo lisionekane. Mama yake mzazi hajui lolote.

"Ungekuwa mzima nisingekuambia," alisema. "Ungeanza kuniombea. Lakini wewe unaumwa kama mimi."

Mstari wa Wakorintho wa Pili nilikuwa nao moyoni tangu kipaimara: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Paulo alisihi mara tatu mwiba uliomtesa mwilini umtoke, na haukumtoka. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Bwana alifanya kazi wodini usiku ule, na hakungoja nipone kwanza. Aliupitia udhaifu wangu wenyewe kumfikia yule mtoto. Sauti yangu ya mnadani isingemfikia.

Asubuhi aliniomba simu. Alimpigia mama yake, akaongea kidogo, akalia sana. Sista naye akaambiwa, na habari ya dawa ikaanza kushughulikiwa upya siku ileile.

Mama yake alikuja kwa basi na mfuko wa ndizi mbivu. Hakumuuliza mwanawe kitu. Alipanda kitandani, akampakata kichwa, akakaa naye mpaka usingizi ukamchukua. Kisha akanigeukia.

"Dada, na wewe umeoga leo?"

Nikasema bado. Akashuka, akaenda kuomba maji ya moto.