Siku moja kwenye meza ya fundi: DVD imekwama, trei haitoki

Saa 2 asubuhi kibanda kiko wazi, hapa Moshi karibu na soko la Mbuyuni. Kufagia, kupuliza vumbi kwenye mashine zilizolala, chai na maandazi. Kazi za kila siku.

Saa 3 anaingia mzee na kijana wake wamebeba CPU ya zamani, yaani kasha la kompyuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. DVD ya harusi ya binti yangu imo humu, na ndiyo pekee tuliyonayo."

Mbele ya draivu, kifaa kinachosoma diski, kuna mikwaruzo mipya ya kisu. Wengi wanadhani kutoa diski ni kuchokonoa tu. Chini ya trei kuna meno ya plastiki yanayoshikana na gia, na ukivuta kwa nguvu yanang'oka. Yakishang'oka, draivu hiyo imekufa.

Kwanza zima mashine na uchomoe waya ukutani, kwa sababu draivu ya CD ya kasi ya 52x huzungusha diski karibu mara 10,000 kwa dakika. Kisha tafuta kitundu kidogo chini ya mlango wa trei. Nyoosha klipu ngumu ya karatasi (sindano ni nyembamba, inapinda), iingize bila kuiinamisha mpaka ugote, halafu sukuma taratibu. Trei ikitokeza kidogo, malizia kwa vidole.

Hii ilitokeza nusu ikagoma. Kijana akaanza: "Fundi, si uvute tu?" Hapana. Ikikataa hapo, kuna kitu kimenasa juu ya diski, na kila unapovuta unaikwangua. Draivu ikachomolewa kwenye CPU, ikalazwa kifudifudi, skrubu 4 za chini zikafunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota. Uso wa plastiki una vibanio pembeni. Unavibonyeza kimoja kimoja, kwani vya zamani vimekauka na huvunjika upesi. Katikati ya kazi umeme ukakatika, tukasogea mlangoni kwenye mwanga. "Bado tu, fundi?" Bado. Kijana anatoka, anarudi, anauliza tena, na kila swali linasimamisha mkono.

Mfuniko ulipotoka, chanzo kikaonekana: studio ilibandika karatasi yenye picha ya maharusi juu ya DVD. Joto la draivu limelegeza gundi, ukingo umeinuka na kukunjamana kwenye chuma cha juu. Karatasi ya namna hii kwenye CD usiibandue kamwe, maana data imekaa chini tu ya rangi ya juu na itatoka nayo. DVD ina nafuu: ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, data iko katikati. Ikabanduliwa taratibu, gundi ikafutwa kwa pamba na spiriti kidogo, kutoka katikati kwenda nje.

Saa 6 imepita, mtori unapoa. Umeme umerudi, trei bado inasuasua: mota inalia, trei haiendi. Huo ni mkanda wa mpira unaounganisha mota na gia za trei, umelegea. Wengine huuloweka kwenye maji ya moto. Husinyaa na kusaidia kwa muda tu. Wengine hufunga rababendi ya pesa, ambayo hukatika. Mkanda sahihi tunautoa kwenye draivu mbovu za aina hiyohiyo. Ukibana mno, mota inashindwa kuzunguka. Puli zote mbili, vigurudumu vinavyobeba mkanda, zisafishwe kwa spiriti, na mafuta yasiguse mkanda. Grisi nyeupe kidogo ni ya reli za trei pekee.

Mchana mwingine ulikwenda kwa printa na chaji za laptopu.

Jioni mzee alirudi, tukanakili DVD yote kwenye flashi mbele yake. Kijana akalalamikia bei: kutoa diski tu? Kazi yenyewe imo humo: diski imetoka bila ufa na draivu inafanya kazi.

Kabla ya kuwakabidhi, trei ilifunguliwa na kufungwa mara nyingi, ikiwa na diski, kisha ikiwa tupu. Jaribio la tupu ndilo gumu: bila diski, sumaku ya kibanio cha juu kinachoshika diski hukaa karibu zaidi na chuma cha chini na kung'ang'ania, hivyo mkanda dhaifu hujulikana hapo. Huu tulioufunga ulifungua kila mara.